RAW au JPEG: miaka sita na Nikon D750 kwenye harusi za Dar es Salaam

Nikon D750 ina matundu mawili ya kadi za SD, na kwa miaka sita niliyoibeba kamera hii kwenye harusi, mahafali na kazi za studio jijini Dar es Salaam, matundu hayo ndiyo yaliyonimalizia ubishi wa siku nyingi kati yetu sisi wapiga picha, yaani kama tupige RAW, faili ghafi la kamera, au tupige JPEG, picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza. Kamera yenyewe si mpya. Ilizinduliwa Septemba 2014, ina kihisi (kipande kinachopokea mwanga) chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35 na megapikseli 24, bodi yake bila lenzi ilianza kuuzwa Marekani kwa takriban dola 2,300, na mwaka 2020 ikapata mrithi wake, D780. Mimi nilinunua yangu ikiwa imeshatumika, na leo nawaona vijana wanaoanza kazi hii wakiitafuta kwa sababu ileile iliyonisukuma mimi, kwamba ni kamera ya kazi nzito ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia. Wengi wamekwisha kuandika juu ya uzito wake, kioo chake cha nyuma kinachoinuliwa na wepesi wake wa kulenga gizani. Mimi nitaipima kwa upande mmoja tu, wa namna inavyohifadhi picha, kwa kuwa hapo ndipo mpiga picha anapopata faida au hasara muda mrefu kabla hajaitambua.

Shata inapofunguka, kihisi hakioni rangi. Kinachopima ni kiasi cha mwanga tu, na juu ya kila pikseli kuna kichujio kidogo cha rangi moja, ama kijani, ama nyekundu, ama buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976; nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo iliyobaki ni vya buluu. Faili la RAW, ambalo Nikon hulipa jina la NEF, ni vipimo hivyo vikiwa vimehifadhiwa karibu kama vilivyopimwa, pamoja na maelezo ya namna kamera ilivyokuwa imepangwa wakati huo. Kwenye D750 unachagua vipimo vya biti 12 au biti 14, maana yake kila pikseli inapewa ngazi 4,096 au 16,384 kati ya giza tupu na mwanga wa juu kabisa, ilhali JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Kamera ikiandika JPEG huvichukua vipimo vilevile, ikakisia rangi zinazokosekana kwenye kila pikseli, ikaamua nyeupe ni ipi, ikaongeza ukolezi na ukali wa mistari kwa kufuata mtindo uliouchagua kwenye menyu, kisha ikabana kila kitu na kutupa isivyovihitaji. Ni tofauti ya kitenge na gauni. Mwenye RAW amepewa kitenge kizima akipeleke kwa fundi anayemtaka. Mwenye JPEG amepewa gauni lililokwisha kushonwa, na likimkaa vizuri ametoka papo hapo amependeza, lakini likimbana mabegani, vipande vilivyokatwa vimeshafagiliwa.

Sisemi hivyo kwa kuidharau JPEG. Kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992, na kazi yake imefanywa kwa akili nyingi: huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, ikapunguza ndani ya kila mraba ule undani ambao macho yetu huuona kwa shida, na kwa kuwa jicho la binadamu hutambua tofauti ya mwanga upesi kuliko tofauti ya rangi, hubania zaidi kwenye rangi. D750 inatoa ngazi tatu za ubora wa JPEG, ya juu ikibana kwa kiasi cha 1 kwa 4, ya kati 1 kwa 8 na ya chini 1 kwa 16, na ile ya juu sijawahi kuilalamikia. Niliwahi kumwekea mteja mezani picha mbili za ukubwa wa A3, moja imetokana na RAW na nyingine ni JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, zote zimepigwa studio kwa taa zangu mwenyewe, akashindwa kuonyesha ipi ni ipi. Nilipozigeuza na kuzichanganya ili nimwonyeshe mimi, nikashindwa vilevile, ikabidi nisome namba niliyoiandika nyuma kwa penseli.

Tatizo huanza taa zinapokuwa za mtu mwingine. Kumbi nyingi za sherehe mjini sasa zimefungwa taa za LED za zambarau, buluu na waridi, ambazo mpambaji anazipenda kwa sababu zinaficha nguzo na kuupa ukumbi sura ya ndotoni, na ambazo mpiga picha hana mamlaka ya kuziomba zizimwe. Kwenye sherehe moja ya mwaka jana maharusi waliingia ukumbini saa mbili na nusu usiku wakicheza, taa ya zambarau ikiwapiga kutoka kulia na taa nyeupe ya mpiga video ikiwamulika usoni kutoka mbele. Bwana harusi ni mweusi tii na alivaa suti nyeusi. Bibi harusi ni maji ya kunde, amevaa gauni jeupe lililojaa shanga kuanzia kifuani hadi kiunoni. Kuna fremu moja ya mlangoni ambayo nimeirudia mara nyingi kwa ajili ya kuwafundisha vijana ninaofanya nao kazi. Katika JPEG yake, upande wa gauni uliopigwa na taa ya video umekuwa bapa jeupe lisilo na ushanga hata mmoja, koti la bwana harusi limeungana na giza lililo nyuma yake kiasi kwamba kichwa chake kinaelea, na bega la bibi harusi lina rangi ya zabibu.

Katika NEF ya fremu hiyohiyo mambo yalikuwa tofauti. Nilipoushusha mwanga wa sehemu kali, shanga zilirudi safu kwa safu, kwanza za kifuani, halafu zile ndogo za ubavuni ambazo hata nilipokuwa ukumbini sikuwa nimeziona. Nilipovinyanyua vivuli kwa karibu stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), kola ya koti ikajitenga na giza, kisha kifungo, kisha ua dogo alilobandikwa na msimamizi wake. Nikaibadilisha ile namba inayoiambia programu nyeupe ni ipi, nikaivuta polepole mpaka uso wa bibi harusi ukarudi kwenye rangi yake, rangi ambayo mama yake angeitambua bila kuvaa miwani. Nilijaribu hayo yote kwenye JPEG kwa haki kabisa, kwa programu ileile na subira ileile. Gauni likawa la kijivu bila ushanga kurudi, kwa kuwa palipokwisha kufika ngazi ya 255, ya juu kabisa ndani ya JPEG ukihesabu kuanzia sifuri, hapana kilichobaki cha kuteremshwa, na kola ya koti ikatoka na ile miraba ya 8 kwa 8 inaonekana waziwazi kama vigae vya bafuni. Ngozi nyeusi kando ya kitambaa cheupe, chini ya taa usizozichagua, ndiyo kazi yetu ya kila Jumamosi, na kwa kazi hiyo JPEG peke yake ni kuomba bahati.

Hata hivyo wapo wanaoizungumzia RAW kama dawa ya kila ugonjwa, na hao nao wanawapotosha wanaoanza. Taa ya LED ya buluu tupu haitoi nyekundu wala kijani ya kutosha, kwa hiyo vichujio vyekundu na vya kijani juu ya kihisi vinakuwa havikupata kitu, na hakuna programu itakayoleta rangi ya ngozi ambayo haikuwahi kuingia ndani ya kamera. Fremu za namna hiyo mimi huzigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, na mteja hudhani ni ubunifu. Kadhalika mwanga ukishapita kabisa uwezo wa kihisi, RAW nayo hupoteza, isipokuwa hupoteza baadaye kidogo kuliko JPEG. Picha iliyotikisika itabaki imetikisika. Na picha iliyopigwa kwa ISO 6400, yaani usikivu mkubwa wa kamera kwa mwanga, ikiwa na mwanga pungufu, ukiinyanyua sana, inatoa chengachenga hata kama ni NEF ya biti 14. Sifa ya D750 ya kuvumilia kunyanyuliwa vivuli ni ya kweli, lakini inaonekana hasa kwenye ISO ndogo, mchana, ufukweni Coco Beach jua linapokuwa nyuma ya maharusi.

Kuna jambo moja la D750 ambalo lilinichukua muda kulielewa, na nalieleza kirefu kwa sababu bado naliona likiwasumbua wenzangu. Picha unayoiona kwenye kioo cha nyuma, hata kama umechagua RAW peke yake, ni JPEG ndogo ambayo kamera imeitengeneza na kuifungia ndani ya NEF, na grafu ya mwanga unayoisoma hutokana nayo pia. Kwa hiyo ukiwa umechagua mtindo wa rangi wenye ukolezi mkubwa, kioo kitakuambia gauni limeungua ilhali ndani ya NEF bado lipo, nawe utapunguza mwanga bila sababu na kujiletea chengachenga kwenye nyuso. Tangu nilipolijua hilo, ninapopiga RAW peke yake naiweka kamera kwenye mtindo wa Flat, wenye ukolezi mdogo, ambao picha zake kiooni hazivutii hata kidogo lakini hazinidanganyi. Upo pia mpangilio uitwao Active D-Lighting, unaoiagiza kamera ipunguze mwanga ili kulinda sehemu kali, kisha iviangaze vivuli wakati wa kutengeneza JPEG. Kwenye JPEG unafanya kazi nzuri sana. Kwenye RAW, ule upunguzaji wa mwanga unabaki ndani ya faili, lakini agizo la kuviangaza vivuli halisomwi na programu nyingi zisizo za Nikon, na matokeo yake picha zote zinafunguka zikiwa na giza. Nilikaa wiki mbili nzima nikiamini kipima mwanga kimeharibika, nikaulizia bei ya matengenezo, mpaka nikaufumania mpangilio huo ukiwa umewashwa na mimi mwenyewe.

Mshtuko wa kwanza wa mtu anayehamia RAW hutokana na jambo lilo hilo. Anaziona picha zake kiooni zina rangi nzuri, anazifungua kwenye kompyuta, kwa sekunde moja zinaonekana vilevile, halafu mbele ya macho yake rangi inafifia. Kilichotokea ni kwamba programu ilianza kwa kumwonyesha ile JPEG ndogo ya ndani, kisha ikaiweka kando na kutafsiri vipimo kwa mtindo wake yenyewe. Programu ya NX Studio, ambayo Nikon huitoa bure tangu mwaka 2021, husoma maagizo yote ya kamera na kuzionyesha rangi kama zilivyokuwa, ingawa ni nzito kwenye kompyuta dhaifu. Kwa asiyetaka kulipia programu kila mwezi, darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua NEF za D750 bila shida, japokuwa darktable inahitaji mtu atenge jioni kadhaa za kuizoea. Faida moja ya kununua kamera yenye umri huu ni kwamba hata programu za zamani kiasi zinaifahamu. Mwenye kamera iliyotoka mwezi uliopita mara nyingi husubiri programu zisasishwe ndipo afungue mafaili yake mwenyewe.

Sasa niende upande wa pili, ambako JPEG inanilipia kodi ya nyumba. Mahafali ya chuo hufanyika mchana kweupe, wahitimu wamevaa majoho, jua liko juu na halibadiliki sana kwa saa tatu, na kila mhitimu anataka picha yake kabla ya kulala ili aiweke kwenye ukurasa wake wakati bado watu wanampongeza. Siku ya namna hiyo napiga fremu 1,200 hivi, na sina nia ya kuihariri moja moja. Naweka JPEG ya ubora wa juu, napanga nyeupe kwa kupima karatasi mwanzoni mwa kazi, nawasha Active D-Lighting ili kofia isiufiche uso, nachagua mtindo wa rangi za watu, na jioni kazi yangu ni kuchagua na kutuma. Niliwahi kupiga mahafali kwa RAW kwa sababu ya majivuno tu, baada ya kusikiliza watu wakisema mtaalamu hapigi JPEG, na picha za mwisho nikazikabidhi siku ya tisa, wakati wahitimu wenyewe wameshasahau joho lilikuwa la rangi gani. Picha za pasipoti za studioni, ambako taa hazijasogezwa tangu nilipozifunga, ni JPEG vilevile, na sioni sababu itakayonibadilisha.

Ukubwa wa mafaili si jambo la kulipitia haraka katika nchi ambayo kifurushi cha intaneti kinaisha huku unatazama. NEF ya biti 14 iliyobanwa bila kupoteza kitu ina takriban megabaiti 28 hadi 30, na JPEG ya juu ina 12 hivi, kutegemea kilichomo kwenye picha. Harusi moja yangu, kuanzia bibi harusi anapopambwa asubuhi hadi muziki wa mwisho, huzaa fremu 1,800. Kwa NEF hizo ni karibu gigabaiti 50, na kwa JPEG ni gigabaiti 22 au pungufu. Mwaka wenye harusi thelathini unanidai terabaiti moja na nusu, nami nahifadhi nakala mbili kwenye diski mbili zinazolala nyumba tofauti, kwa hiyo ni terabaiti tatu. Hiyo ni gharama ya kweli, na inaingia kwenye bei ninayoitaja mbele ya kamati ya harusi hata kama kamati haijui. Ongeza kompyuta. Ile niliyoanza nayo ilikuwa ikichukua usiku mzima kuzigeuza NEF za harusi moja kuwa JPEG za kumpa mteja, na umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi naanza upya. Kama kompyuta yako haiwezi, ni afadhali upige JPEG vizuri kuliko kupiga RAW na kuwaweka maharusi miezi minne wakisubiri. Ndoa nyingine huwa zina mgeni njiani kabla albamu haijafika.

Kwa upande wa kasi, D750 inapiga fremu 6.5 kwa sekunde, lakini kumbukumbu yake ya muda hujaa baada ya fremu 15 hivi za NEF ya biti 14, ambazo ni sekunde mbili na kidogo, na baada ya hapo kamera inaanza kusuasua ikisubiri kadi. Kwa JPEG ya juu inavumilia zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwenye harusi hili hunipata wakati mmoja tu, wa kufungua shampeni, na nimejifunza kusubiri kizibo kitoke badala ya kuanza kubonyeza MC anapoanza kuhesabu. Usinunue kadi za gharama kubwa za UHS-II (aina yenye kasi kuliko UHS-I) kwa ajili ya kamera hii, kwani matundu yake yanaishia UHS-I na kasi ya ziada haitatumika isipokuwa wakati wa kuhamishia picha kwenye kompyuta.

Nakuja kwenye yale matundu mawili. D750 inakuruhusu kuyatumia kwa njia tatu: kadi ya pili iwe ya akiba ya kwanza ikijaa, au kadi zote mbili ziandike kitu kilekile, au kadi ya kwanza ipokee RAW na ya pili ipokee JPEG. Kwa miaka miwili ya mwanzo nilitumia njia ya kwanza, kwa ubahili. Nilibadilika kwa ajili ya fremu za kutuma upesi kwenye simu, nikaanza kuandika NEF kwenye kadi ya kwanza na JPEG kwenye ya pili, wala sikuwa nikifikiria usalama. Kisha nikanunua Kariakoo, kwa muuzaji wa kupita ambaye sikuwahi kumwona tena, kadi iliyoandikwa gigabaiti 64 kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua. Niliitia kwenye tundu la kwanza Jumamosi ileile. Usiku nilipozifungua NEF nyumbani, fremu za mwanzo zisizofika mia tatu zilikuwa salama, za mapambo, pete na viatu vilivyopangwa dirishani. Kuanzia hapo kila faili lilikuwa na jina na ukubwa wake sahihi lakini halifunguki. Kadi ilikuwa na gigabaiti 8 tu ndani, imedanganywa iseme 64, na ilikuwa ikipokea picha na kuzimwaga. Kanisani, viapo, wazazi wakilia, keki, vyote havikuwapo. Niliitoa kadi ya pili kwenye kamera mikono ikinitetemeka, nikaisogeza taratibu kwenye kisomeo. JPEG 1,740 zilikuwa zote zimekaa kwa utulivu kama abiria waliofika stendi mapema. Albamu ya wale maharusi imetokana na JPEG kuanzia ukurasa wa tatu hadi wa mwisho, na hadi leo wanaiita albamu nzuri kuliko za ndugu zao wote. Siku hizi kadi yoyote mpya huijaza mpaka mwisho na kukisoma tena kila kilichomo kabla haijaonja harusi.

Kwa sababu hiyo siiti tena mpangilio wa RAW na JPEG pamoja kuwa ni uoga wa kuamua, kama ninavyosikia wengine wakiukejeli. Una kasoro zake: NEF inabaki na nakala moja tu, kumbukumbu ya muda inajaa haraka zaidi, na usiku unakuwa na kadi mbili za kunakili badala ya moja. Mwenye kamera yenye tundu moja anaweza pia kuandika yote mawili kwenye kadi moja, lakini hapo akibahatika na kadi ya aina ile yangu atavikosa vyote viwili.

Liko swali la wateja, ambalo nalo linahusika. Kila baada ya harusi kadhaa shemeji mmoja hujitokeza na kusema, "Kaka, sisi tunataka picha zote, na zile RAW pia, maana tumelipa." Nilikuwa nakataa kwa maneno mengi, sasa namfungulia moja kwenye kompyuta, ikiwa haijaguswa, ina rangi iliyofifia na giza pembeni, naye mwenyewe hubadili mazungumzo. Nimewahi kumpa mmoja aliyeng'ang'ania. Kesho yake akapiga simu kulalamika kwamba nimempa mafaili mabovu, kwa sababu simu yake haikuyafungua. Katika mkataba ninaandika wazi kwamba kinachokabidhiwa ni JPEG zilizohaririwa. Ninawaomba pia wasizipime picha kwa zile wanazorushiana WhatsApp, kwa sababu huko zinabanwa upya, na picha ya RAW iliyokesha na mimi siku tatu inaonekana sawa na iliyopigwa kwa simu na mjomba aliyekaa meza ya nyuma.

Wanaopiga picha za habari wana hesabu nyingine kabisa. Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotokana na RAW, wakitaka JPEG asilia kutoka kwenye kamera, kwa hoja ya upesi na ya kulinda ukweli wa picha. Mtu wa harusi hana sababu ya kuifuata kanuni hiyo, ila ni jibu zuri kwa anayekuambia kwamba mtaalamu hapigi JPEG.

Kwa atakayeinunua D750 iliyotumika leo, ningemwambia ajaribu matundu yote mawili palepale dukani, aandike na kusoma kwenye kila moja, kwa maana kamera yenye tundu moja bovu ni nusu ya kamera hii. Harusi na sherehe za usiku ni NEF ya biti 14 upande mmoja na JPEG ya juu upande wa pili. Mahafali na pasipoti ni JPEG kwenye kadi zote mbili. Picha za maharusi ufukweni, ambako fremu ni chache na mwanga unageuka kila dakika kumi, ni NEF kwenye kadi zote mbili, kwa sababu pale nina muda wa kuhariri na sina haraka ya kutuma.

Jambo la mwisho ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba D750 yenyewe inaweza kuigeuza NEF kuwa JPEG bila kompyuta, kupitia menyu yake ya kurekebisha picha, ambako unachagua upya nyeupe, mwanga, mtindo wa rangi na ubora. Jumapili moja mama wa bibi harusi alinipigia simu saa mbili asubuhi akitaka picha moja ya kuonyesha kwenye ibada ya shukrani, ile ya binti yake akiwa na baba yake mlangoni mwa kanisa, na mtaa wetu haukuwa na umeme tangu usiku. JPEG ya fremu ile ilikuwa na giza upande wa baba. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango, nikaitafuta NEF yake, nikaongeza mwanga kidogo, nikaipa weupe wa kivulini, nikaihifadhi na kuituma kwenye simu yangu kwa Wi-Fi ya kamera, kutoka hapo ikaenda kwa mama. Betri ilikuwa imebakiza asilimia kumi na moja. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake kwaya ilikuwa imeshaanza.